Kata Alishika Nani?

Ukiingia nyumba yenye mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, iwe Wete kule Pemba au Jang'ombe huku Unguja, mara nyingi utamkuta keshaoga, keshakula, kavishwa kanzu iliyopigwa pasi, kakaa barazani. Majirani watakwambia huyu anatunzwa vizuri, na kwa macho ni kweli. Sisi tunaotazama ubora wa matunzo huuliza jambo jingine: asubuhi ya leo kata ya kuchotea maji alishika nani? Chai alimimina nani? Kanzu ile aliichagua nani? Kama jibu la yote ni "mama yake", basi kilichotunzwa ni mwili tu. Mtu wa miaka 30 anayefanyiwa kila kitu husahau hata vile alivyokuwa akiviweza utotoni, na siku mama akilazwa, nyumba nzima inasimama.

Uingereza wana utaratibu wa kuishi kwa kusaidiwa. Mtu ana mkataba wake wa nyumba, na huduma inatoka kwingine. Wakishindwana na mhudumu, anayeondoka ni mhudumu. Kwetu hakuna anayesaini mkataba wa chumba ndani ya nyumba ya babaake, na si lazima. Msingi wake hata hivyo ni wetu pia: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua akae wapi na nani, asaidiwe akiwa ndani ya jamii yake. Ukiishusha ibara hiyo mpaka uani, maana yake ni kwamba sanduku lake la nguo halifunguliwi na kila mpitaji, chumbani kwake watu wanapiga hodi, na akisukuma bakuli la uji, yupo anayeuliza anataka nini badala yake.

Tuchukue kuoga, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Kwako wewe kuoga ni kazi moja. Kwa anayejifunza ni vipande kama kumi na viwili: kutwaa taulo, kuvua, kuchota, kujimwagia, kupaka sabuni kichwa, mikono, kwapa, na kuendelea mpaka kujifuta na kuanika taulo. Wengi huanza kumfundisha kipande cha kwanza, akichoka njiani wanammalizia wao. Anachojifunza hapo ni kwamba kuoga humaliziwa na mtu mwingine. Anzeni mwisho. Mwogesheni kama kawaida, mwachieni kipande kimoja cha mwisho, kuanika taulo. Akikiweza siku kadhaa mfululizo bila kukumbushwa, mwachieni viwili vya mwisho: ajifute, aanike. Kila siku anayemaliza kazi ni yeye, na hilo ndilo linalompa hamu ya kesho.

Msaada nao una ngazi zake. Kwanza nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi, kwani wengi wao wanahitaji muda huo wote ili neno liingie, lieleweke, mkono uanze kwenda. Akikwama sema neno moja, "chota". Akikwama tena onyesha kwa kidole, kisha fanya mwenyewe akikutazama. Kumshika mkono na kumwongoza ni ngazi ya mwisho, na unamwachia mara mkono wake unapoanza kwenda wenyewe. Linaloharibu mambo ni haraka yetu: "Chota basi, si nimekwambia uchote, haya shika kata hiyo." Wewe umerudia agizo moja. Yeye amepokea maagizo matatu, na kila moja limemrudisha mwanzo. Kosa jingine ni nyumba kutokuwa na neno moja. Mama anasema kata, dada anasema kopo, kaka anasema "hicho". Kubalianeni.

Asiyesema anaelewa zaidi kwa vitu kuliko kwa maneno. Mpe kikapu mkononi kila mnapokwenda marikiti, na taulo kila wakati wa kuoga. Baada ya wiki chache kikapu chenyewe kitakuwa neno. Siku atakapokuletea kikapu bila kuambiwa, amekwambia anataka kutoka. Usimjibu kwa kukitundika tena ukutani.

Pemba msimu wa karafuu ni skuli isiyo na ada. Kuchambua ni kazi ya kukaa, ya kurudiarudia, ya pamoja: kishada kinabanwa kwa kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Mwekee vyombo viwili vya rangi tofauti, mpe vishada vichache kwa mara moja, si rundo zima, kwani rundo lisilopungua humkatisha tamaa yeyote. Kisha kuna suala la ujira. Mchumaji analipwa kwa pishi, huyu anaambiwa ahsante. Kama wengine waliochambua wamelipwa, naye alipwe, pesa ziingie mkononi mwake, aende dukani akanunue anachotaka hata kama ni biskuti na soda. Anayemtunzia pesa aandike kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka, ndugu wengine waweze kulisoma.

Sasa lile linalowasumbua walezi zaidi: "amebadilika ghafla, anapiga, anajigonga kichwa." Tabia ikibadilika ghafla, kabla ya kuulaumu ulemavu, tafuteni maumivu. Jino, sikio, mkojo unaochoma, na tumbo kufunga, ambalo ndilo linalosahaulika kuliko yote. Siku tatu bila choo si jambo la kungoja, hasa kwa anayetumia dawa za kutuliza, ambazo zenyewe hufunga tumbo. Andikeni kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata, kwa wiki mbili. Mara nyingi daftari litaonyesha kwamba hujigonga baada ya kula, au kila anapoguswa upande mmoja wa uso. Hospitali nendeni na daftari hilo. Mkiambiwa "ndivyo walivyo hawa", ombeni kwa adabu atazamwe meno na masikio hapo hapo. Kwa mwenye sindromu ya Down ulizeni pia kipimo cha tezi ya shingo kila mwaka: ikilegea humfanya mzito na mwenye usingizi, na watu wakadhani ni uvivu. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani hakutibu lolote kati ya haya. Kunamnyamazisha tu.

Wengi wana kifafa pia. Huyo aoge amekaa kwenye kibao, maji ndani ya ndoo, mlango bila komeo, mtu akiwa karibu wa kusikia. Kisimani na baharini asiende peke yake, na jiko la mkaa liwe mahali asipoweza kuliangukia. Akidondoka mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mtazame saa. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali. Ramadhani ina hatari yake: dozi ya asubuhi inarukwa kimya kimya, na usingizi unakatwa kwa daku. Vyote viwili huleta kifafa. Mwoneni daktari kabla mwezi haujaandama, apange dozi zihamie futari na daku kama dawa yake inakubali. Kama haikubali, mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Anayekabwa wakati wa kula akae wima, asilishwe amelala, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Muhogo mkavu na boflo lisilochovywa ndivyo vinavyokaba sana.

Kuhusu mwili wake na usalama tusionee haya kusema. Mwanamke aogeshwe na mwanamke, afundishwe majina ya viungo vyake na neno "sitaki", na neno hilo liheshimiwe hata anapokataa kubusiwa na shangazi. Aliyezoeshwa kutii kila mkono hawezi kuukataa mkono mbaya. Likitokea la kutokea, akabakwa au kuchezewa mwili, asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Apelekwe hospitali siku ile ile na polisi wajulishwe. Kulimaliza nyumbani kwa suluhu ya wazee ni kumrudisha kwa aliyemdhuru.

Na lile swali la usiku: nikifa mimi, nani? Mrithi wa kazi hii hufunzwa mkiwa hai. Alale kwa kaka yake usiku mmoja kwa mwezi, baadaye wiki, na karatasi moja imfuate: anakula nini, dawa gani saa ngapi, maneno na vitu anavyovielewa, kinachomtisha, vipande gani vya kuoga anavimudu mwenyewe. Fungu lake la mirathi nalo ni lake kama la nduguye mwingine yeyote, na linapogawiwa liandikwe kwa jina lake. Hapa Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulikia mirathi. Nendeni mapema, kabla shamba halijauzwa.