Mistari miwili baada ya dozi si ushahidi kwamba dawa imegoma

Juzi asubuhi mama mmoja alisimama kwenye dirisha la maabara, akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na kaseti ya mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, aliyopimiwa mtoto wake mtaani, mistari miwili myekundu. Mtoto alimaliza mseto, vidonge vya malaria, siku tisa kabla, na joto limerudi. "Dada, dawa imegoma. Achomwe sindano tu." Ni wa nne mwezi huu, na wawili kati yao walikuwa wameshachomwa huko walikotoka.

Jamani, kile kipimo hakimtafuti mdudu. Kinatafuta HRP2, protini ambayo falsiparamu, mdudu wa malaria, huimwaga kwenye damu akiwa hai. Mseto ukinywewa vizuri, dozi zote sita, tena na chakula chenye mafuta, wadudu wengi hufa ndani ya siku mbili tatu. Protini yao hubaki. Kanga ya aliyepika kwa kuni hunuka moshi hata kesho yake, na jiko lilishazimwa. HRP2 huweza kukaa wiki kadhaa, hata kupita mwezi, hasa kwa mtoto aliyekuwa na wadudu wengi. Kwa hiyo mstari wa T, ule wa majibu, siku ya tisa unasema malaria ilikuwepo. Kama bado ipo, hausemi.

Vipimo vya pLDH, protini nyingine ya mdudu, hurudi hasi mapema zaidi, lakini hapa kwetu tunapokea zaidi vya HRP2. Na sindano ya artesuneti ni ya malaria kali: degedege, kupoteza fahamu, mtoto anayetapika kila kitu. Mstari kwenye kaseti si dalili ya hatari.

Anayerudi na homa baada ya dozi apimwe BS, yaani damu yake itazamwe kwenye slaidi kwa hadubini. Napo kuna mtego unaonikera kuliko wote: gametosaiti. Hawa ni wadudu wa hatua ya uzazi, wenye umbo la ndizi, na huonekana kwenye slaidi wiki kadhaa baada ya tiba. Hawaleti homa, wanamsubiri mbu. Mpimaji akiandika "MPS seen", wadudu wa malaria wameonekana, bila kutaja hatua ya mdudu, daktari anaanzisha dozi nyingine. Ndugu zangu wa maabara, andikeni hatua! Andikeni na idadi, maana "malaria mbili" haimsaidii mtu.

Sisemi dawa haishindwi kamwe. Kagera wamepatikana vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo 561H, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, kundi la dawa lililomo kwenye mseto, na hilo linanisumbua. Tena nikikuta pete chache, wadudu wachanga wanaoleta ugonjwa, kwa mtoto aliye siku ya 20 baada ya dozi, siwezi kujua kwa hadubini kama ni wale wa zamani waliofufuka au mbu mwingine amemuuma juzi. Na slaidi ya saa tisa usiku, macho yamechoka, wadudu wachache hupita bila kuonekana. Nimewahi kurudia slaidi yangu mwenyewe asubuhi na kubadilisha jibu.

Slaidi ya mtoto wa yule mama wa juzi niliipitia mara mbili. Tone nene la damu, rangi ya Giemsa, uwanja baada ya uwanja: ndizi mbili, pete hakuna hata moja. Nikamwomba mama mkojo wa mtoto. Ulikuwa na ukungu hata kabla ya kuuzungusha kwenye mashine, na chini ya lenzi seli za usaha zilijaa uwanja mzima. Homa ilikuwa inatoka huko.