Kovu la kwanza

"Daktari, si mumpasue tu apumzike?" Aliyeniuliza ni mama mmoja kutoka Mbagala, usiku, akimsugua mgongo mkwe wake. Mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 4, mapigo ya moyo wa mtoto mazuri. Nikamjibu, "Mama, uchungu wenyewe haujachanganya, bado haujashika kasi." Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu umechanganya kuanzia sentimita 5, na halitaki mama aharakishwe kwa sababu tu hafunguki sentimita 1 kila saa. Tukamwacha atembee, akanywa chai, alfajiri akajifungua mwenyewe.

Mimi napasua karibu kila wiki. Mtoto akichoka tumboni au kondo la nyuma likitangulia na kuziba njia, kisu kinaokoa watu wawili, na vijijini bado wapo wanaokufa kwa kukikosa. Hofu yangu ni huku mjini. Muhimbili, kati ya 2000 na 2011, waliojifungua kwa upasuaji walipanda kutoka asilimia 19 hadi 49. Ni kweli kesi ngumu za rufaa huishia pale. Lakini watafiti walipowapanga akina mama katika makundi 10 ya Robson, yanayowatenganisha kwa mambo kama uzazi wa kwanza au la, mtoto alivyolala na kovu la awali, ongezeko lilionekana hata kwa wasio na hatari kubwa.

Kinachonikosesha usingizi ni kovu la kwanza. Mimba inayofuata, kondo linaweza kujishikiza juu yake na kuzama kwenye nyama ya mji wa mimba. Mtoto akitoka, halibanduki. Niliwahi kumfungua mama mwenye makovu matatu: kibofu kimegandana na mji wa mimba, na kondo lilipoguswa damu ilifurika kuliko tulivyoweza kuifyonza. Alipona, ila mji wa mimba tuliuondoa. Baadaye nikasoma karatasi yake ya upasuaji wa kwanza, uliofanyika kwingine: "Leba haiendelei, sentimita 3." Sentimita 3! Leba ilikuwa haijaanza vizuri.

Kwa hiyo dada yangu, kama hakuna dharura, uliza sababu kabla hujaweka sahihi. Na ukishapasuliwa, usitoke wodini bila karatasi inayoeleza kwa nini ulipasuliwa na mji wa mimba ulikatwa vipi. Wengi waliopasuliwa mara moja, kwa mkato wa mlalo chini ya mji wa mimba, wanaweza kujaribu njia ya kawaida mimba ijayo, katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari. Bila karatasi hiyo, daktari atakayekupokea usiku atachagua kisu.