Nani anakula umeme wa parseli?

Jumapili moja mchana nilipigiwa simu na mama mmoja wa Mabanga, mtaa wa Goma. Salamu zilikuwa fupi. "Fundi, kuya. Uyu kijana wa nyuma eko ananimalizia kura." Kura, kwa msomaji wa mbali, ndivyo tunavyoita umeme hapa Goma, si ile ya kutumbukiza sandukuni.

Nilipofika nilikuta kesi imeshaiva. Parseli, yaani kiwanja chao, ina nyumba nne: ya mama mbele, na za wapangaji watatu nyuma, za mbao, zote zikinywa kwenye kashpawa moja, mita ya kulipia kabla, iliyopigiliwa ukutani kwa mama. Kila mwezi wanachanga. Mwenye televisheni anatoa zaidi, mwenye taa tupu anatoa kidogo, na majina yote yamo kwenye kaye, daftari lao. Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka yuniti zilipoanza kuisha kabla mwezi haujafika katikati. Mama akatafuta mwizi, akampata kijana mwanafunzi: usiku husikia harufu ya vitunguu kutoka kwake, lakini mlangoni pake hajawahi kuona mbabula, jiko la makaa, wala gunia la makala yenyewe. Basi ana resho, jiko la umeme la waya.

Kijana hakukana. "Mama, napika mara moja tu kwa siku." Macho chini.

Kesi za namna hii zinanipa kazi kuliko shoti. Na karibu kila mara mshitakiwa ni kile kinachowaka chekundu. Resho inatisha, pasi inatisha, birika la umeme linanguruma kama gari. Kile kinachokula polepole kwenye kona, mchana na usiku, hakuna anayekiita barazani. Nikamwambia mama: leo hatuhukumu mtu, tunapima.

Chombo cha kwanza cha kupimia kila mtu anacho tayari, na hakilipiwi. Ni kitaa chekundu cha kashpawa yenyewe, kile kinachokonyeza. Soma maandishi madogo usoni mwa mita, utaona namba ikifuatiwa na imp/kWh. Kwa mama ilikuwa 1600. Maana yake, mkishakula kilowati-saa moja, yaani yuniti moja, kitaa kimekonyeza mara 1600. Mita nyingine zimeandikwa 1000, nyingine namba nyingine kabisa, kwa hiyo usikopi hesabu ya jirani. Gawa 3,600,000 kwa namba ya mita yako. Kwa 1600 unapata 2250, kwa 1000 unapata 3600. Kisha gawa jibu hilo kwa sekunde zinazopita kati ya konyezo moja na linalofuata. Unachopata ni wati zinazopita sasa hivi. Kitaa kikienda haraka, hesabu konyezo kumi ukitumia saa ya simu, maana kidole cha binadamu kinachelewa.

Tukazima kila kitu, tukachomoa hata konjelateri ya mama, friza yake, tukawasha resho ya kijana peke yake. Ilikuwa ya waya mmoja wa kujiviringisha, imeandikwa wati 1000. Konyezo kumi zilichukua sekunde 32. Fanya hesabu: wati 703. Mama akadhani mita imeharibika. Haikuharibika. Nilipotia multimeta kwenye prizi, soketi ya ukutani, ilisoma volti 185, si 220, na resho ni waya wa joto tu: volti zikishuka, nguvu zake hushuka zaidi ya hapo, kwa kipeo cha pili. Volti 185 juu ya 220 ni kama 0.84, zidisha 0.84 kwa yenyewe, unapata 0.71. Ndiyo wati 700 zako. Usifurahi, hilo si punguzo. Sufuria inakaa motoni muda mrefu zaidi, na muda wote huo inapoteza joto pembeni.

Kijana anapika kama saa moja kwa siku. Hiyo ni yuniti 0.7. Nikaiandika kwenye kaye mbele ya wote.

Kisha nikawaomba wazime kama wanavyozima wakienda kulala. Taa zikazimwa, televisheni zikazimwa kwa rimoti, resho ikatoka, konjelateri bado tumeichomoa. Kila mtu akarudi kutazama kitaa. Kikakaa kimya... kisha kikakonyeza. Sekunde arobaini zikapita, kikakonyeza tena. Gawa 2250 kwa 40: wati 56, na nyumba nzima "imelala".

Tulitafuta kitu kimoja kimoja tukichomoa. Dekoda mbili, kila moja kama wati 12, ziwe zimewashwa au "zimezimwa" kwa rimoti, tofauti ni ndogo sana. Stabilizateri ya mama, ile ya kutuliza volti, wati 14 za kujipasha moto tu bila kulinda chochote. Amplifaya ya mpangaji wa pili, ile ya sherehe, wati 18, na sherehe ya mwisho hakuna anayeikumbuka. Tulipochomoa ya mwisho kitaa kikanyamaza kabisa, nami nikashukuru, kwa sababu kama kingeendelea ningeanza kutafuta waya unaovuja au jirani aliyejiunganisha. Kwenye mji uliojengwa juu ya lava, kupigilia piketi ya udongo, ile nondo ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ni shida yake yenyewe, na nyumba nyingi hazina inayofaa; umeme ukivuja unaweza kuvuja miaka bila dizjonkteri, swichi ya usalama, kuruka.

Wati 56 mara saa 24 ni yuniti 1.3 kwa siku. Karibu mara mbili ya resho ya kijana. Hapo mama alianza kukaa kimya.

Nami nilikuwa nikiitazama konjelateri.

Ilikuwa kwenye korido yake, ile ya kufunguliwa juu, aliinunua okazio, yaani iliyotumika, miaka kadhaa iliyopita. Anauza jusi za mifuko na samaki za barafu, kwa hiyo si anasa, ni biashara. Imesukumwa mpaka imegusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo mbabula inapowashwa asubuhi. Nilipofungua, barafu ya kandoni ilikuwa nene vidole vitatu. Nikachukua noti ya franki 500, nikaibana kwenye mfuniko, nikaivuta. Ikatoka kama imepakwa mafuta. Mpira wa mfuniko unaobana vizuri huing'ang'ania noti.

Kitu kama hiki usikipime kwa kuhesabu konyezo, kwa sababu mashine inawaka na kuzima yenyewe. Ukihesabu inapowaka utaogopa bure, ukihesabu ilipozima utafurahi bure. Na bamba la nyuma nalo lisikudanganye: linakuambia inavuta kiasi gani ikifanya kazi, halikuambii inafanya kazi saa ngapi. Dawa yake ni kipima-wati cha prizi, kile kidogo unachokichomeka ukutani kisha chombo juu yake, ukakiacha saa 24 kamili. Lazima usiku uwemo, maana usiku watu wakilala volti hupanda na mashine hubadilika. Huna? Chomoa vingine vyote ukiweza, soma namba ya kashpawa saa mbili usiku, soma tena saa mbili usiku ya kesho. Kelele za watoto kwa kukosa televisheni siku moja zinavumilika.

Kabla yangu alikuwa amekuja mtu na pensi ya ampea. Aliibana kwenye waya, akasoma ampea 1.6, akazidisha kwa 220, akamwandikia mama wati 352. Makosa mawili ndani ya mstari mmoja. Kwanza volti hazikuwa 220, zilikuwa 185. Pili, mota ya frigo, yaani friji au friza, huvuta umeme mwingine ambao huenda na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya nyumbani haikuhesabii huo. Volti mara ampea inakupa namba kubwa kuliko unayolipia. Kipima-wati changu kilionyesha 178 ikiwa inazunguka. Pensi ni chombo kizuri, naipenda, lakini kwa frigo inataka mwenzake.

Jumatatu jioni nilirudi kusoma. Yuniti 3.4 ndani ya saa 24. Ukigawa, mashine ilizunguka saa 19 kati ya 24. Karibu haipumziki. Parseli nzima ilikuwa ikila kama yuniti 7 kwa siku, kwa hiyo karibu nusu ilikuwa ya mwenye kashpawa mwenyewe, na mshitakiwa alikuwa na sehemu moja ya kumi.

Sikusema neno. Kijana naye, kwa heshima, alijifanya anaangalia simu.

Tulichofanya hakikuhitaji kununua kitu. Mama aliuza stoki ikaisha, tukaizima, tukaacha barafu iyeyuke yenyewe na mabeseni chini. Usiipasue kwa kisu. Nimezika konjelateri tatu zilizotobolewa hivyo. Mpira tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uchafu wa jusi ulikuwa umekaa kwenye mikunjo kama gundi, na baada ya kuoshwa ukaanza kubana tena isipokuwa kona moja. Tukaisogeza kutoka ukutani upana wa kiganja, mbali na upande wa mbabula. Nafasi tupu tukaijaza chupa za maji, ili mfuniko ukifunguliwa baridi isitoke yote na umeme ukikatika ichelewe kuyeyuka. Kipimo cha pili: yuniti 2.1. Konjelateri mpya ya ukubwa ule, kwenye hewa yetu ya baridi, ingekula chini ya yuniti moja, lakini hiyo ni hesabu ya siku nyingine na mfuko mwingine.

Chaja za simu, watu huzichomoa kwa nidhamu kubwa kisha wanaacha dekoda. Chaja isiyo na simu hula kitu kisichofika hata nusu wati. Ampuli ya nje, ile balbu ya zamani ya wati 60 inayokesha, ibadilishe leo: saa 12 za usiku ni yuniti 0.7, sawa na resho ya kijana, na LED ya wati 9 inafanya kazi ileile kwa 0.1.

Kuhusu kupika, hapa nina ubishi wangu. Sehemu ya umeme wa mji huu inatoka kwenye maji ya Matebe, kule Rutshuru, kituo cha takriban megawati 13 kilichozinduliwa mwaka 2015, na sababu moja ya kukijenga ilikuwa kupunguza makala inayochomwa ndani ya mbuga ya Virunga. Kumkataza mpangaji kupika kwa umeme ni kumrudisha kwenye gunia. Ila resho ndiyo njia mbaya ya kupika maharagi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ongeza moto upendavyo, hayapandi. Unapata mvuke tu. Ndiyo maana maharagi ya hapa yanatesa kuliko ya Mombasa. Kwenye resho ile ya wati 700, saa mbili na nusu ni yuniti 1.75 kwa sufuria moja. Sufuria ya presha ya umeme hufunga mvuke, maji yanapita nyuzi 110, na kwa kuwa imevikwa ukuta mnene inawaka robo saa hivi kisha inagusiagusia tu. Nyumbani kwangu, maharagi yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanakula 0.35. Mke wangu aliibeza mwezi wa kwanza. Sasa mimi ndiye ninayeomba ruhusa ya kuigusa.

Wapangaji walikubaliana kununua mita ndogo, moja kwa kila nyumba, na nilizifunga wiki iliyofuata. Mama alitaka ya kijana ifungwe kwanza. Nikaanza na ya korido.

Siku ya kumalizia niliinua mfuniko wa konjelateri kuangalia ile kona ya mpira. Ndani, juu ya samaki, palikuwa na sufuria ya chai ya maziwa, imefunikwa kwa sahani, bado inatoa mvuke. "Fundi," mama akasema, "ilikuwa inachelewa kupoa."