Kulinda Alumini ya Boti Isiliwe na Maji ya Bahari

Wamiliki wengi wa boti zinazoegeshwa Kigamboni, Msasani na Kunduchi huamini kwamba alumini haina shida baharini, kwa kuwa haioti kutu kama chuma. Imani hiyo ni kweli nusu. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo hujirudisha wenyewe kila unapokwaruzwa. Ndiyo maana aloi za baharini kama 5083 na 5086, yaani alumini iliyochanganywa na metali ya magnesi, huweza kukaa majini miaka mingi hata bila rangi. Mara nyingi kinachoimaliza alumini si maji ya bahari peke yake, bali metali nyingine iliyofungwa pamoja nayo.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, hivyo hupitisha umeme vizuri. Alumini ikigusana na shaba au chuma cha pua ndani ya maji hayo, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo, na inayolika ni alumini. Tazama boliti ya chuma cha pua iliyokazwa bila kizuizi kwenye kishikizo cha mashine ya boti. Kwanza rangi huvimba kuzunguka kichwa cha boliti. Ukiikwangua kwa ukucha unakuta unga mweupe, na chini ya unga huo, tundu. Fundi anayepaka rangi juu ya uvimbe huo hajatibu chochote.

Kinga yake ni kutenganisha metali hizo kwa washa za nailoni, kipande cha mpira wa plastiki kinachovishwa kwenye boliti, na silanti ya kuzuia maji yasiingie kwenye upenyo. Kwa sababu hiyo hiyo, rangi yenye shaba, ambayo wengi hupaka chini ya boti za mbao na za faiba ili chaza wasing'ang'anie, isipakwe kabisa juu ya alumini.

Kinga ya pili ni anodi, yaani kile kipande cha metali kinachofungwa kwenye chombo, ambacho mafundi wetu hukiita zinki tu, hata kama kimetengenezwa kwa aloi ya alumini. Kazi yake ni kulika badala ya chombo, kwa hiyo anodi inayobaki mpya mwaka mzima ni dalili mbaya: huenda haigusani na metali inayopaswa kuilinda, au kuna mtu aliyeipaka rangi. Ibadilishwe inapolika kufikia nusu. Anodi za magnesi ziachwe kwa vyombo vya maji baridi, kama vile Ziwa Victoria. Baharini huisha haraka na huweza kuharibu rangi na hata alumini yenyewe.

Anodi hulinda tu kilichozama. Mashine ikiinuliwa juu, chumvi iliyokaukia kwenye mikunjo yake huendelea kuvuta unyevu wa hewa yetu ya pwani, na ulikaji unaendelea. Ioshwe kila baada ya safari, na njia zake za kupoza zipitishiwe maji yasiyo na chumvi kama mtengenezaji anavyoelekeza. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu visima vingi vya pwani ya Dar es Salaam vina maji ya chumvichumvi. Kuosha mashine kwa maji hayo ni kuirudishia kile kile ulichotaka kukiondoa. Yaonje kwanza.

Sehemu iliyokwisha kuanza kulika isuguliwe kwa msasa hadi metali ing'ae, ioshwe, ikaushwe, kisha ipakwe praima ya alumini siku hiyo hiyo kabla ya rangi. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida au wa shaba isitumike, maana huacha chembe zinazoanzisha matundu mapya. Tundu lililotoboka hadi upande wa pili linahitaji kulehemiwa kwa gesi ya agoni, na kabla ya kulehemu fundi atafute kwanza metali iliyolisababisha.