Rangi haifuti moshi

Nikiitwa kusafisha nyumba iliyoungua, mara nyingi nakuta fundi rangi kanitangulia. Moto Jumamosi, Jumatano sebule imeshakuwa nyeupe, na mimi napigiwa simu wiki ya tatu: "Mbona ukuta unatoa madoa ya njano? Mbona harufu imerudi?" Haijarudi, maana haikuwahi kuondoka.

Dhana yenyewe ni kwamba masizi ni uchafu wa juu juu, ukipiga koti mbili umemaliza. Hebu tazama kwanza kilichoungua. Nyumba zetu za mjini zimejaa magodoro ya sponji, makochi, mapazia ya nailoni, viti vya plastiki na nyaya. Vitu hivyo hutoa moshi wenye lami na mafuta, unaonata ukutani. Ukipitisha rangi ya maji juu yake, yale maji huyeyusha sehemu ya lami na kuipandisha juu kadiri rangi inavyokauka. Ndiyo hayo madoa ya njano. Piga koti ya tatu, yatatokeza tena. Na masizi yakiwa mazito, rangi inashika masizi badala ya kushika ukuta, kwa hiyo inabanduka. Harufu nayo imeshaingia kwenye plasta na jipsamu. Ngoja joto na unyevu wa Dar es Salaam mwezi wa pili uone.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba rangi inaficha vitu vinavyotakiwa kuonekana. Zege likipata joto la kuanzia nyuzi 300 hivi za Selsiasi linaweza kugeuka rangi ya waridi iliyofifia, dalili kwamba nguvu yake imepungua. Linta ya jikoni (ile boriti ya zege juu ya mlango au dirisha) ukishaipaka rangi nyeupe, mhandisi atakagua nini? Na wa bima atapiga picha ya nini? Piga picha kila chumba, hadi ndani ya makabati, fuatilia ripoti ya Zimamoto, ndipo ushike kitambaa.

Hata kushika kitambaa kuna utaratibu. Usianze na maji. Masizi makavu yakilowa yanageuka tope jeusi, na ukisugua unalizamisha ukutani. Fungua madirisha, vaa glavu na barakoa ya N95 (kanga puani haichuji kitu), kisha nyonya masizi kwa mashine yenye chujio la HEPA (linalonasa hata vumbi laini sana), ukianza na dari. Fagio weka pembeni, linayarusha hewani tu. Baada ya hapo futa kwa sponji kavu ya mpira, mkono ukienda njia moja, bila kuzungusha; upande mmoja ukijaa, geuza. Sponji isipotoa cheusi tena, hapo ndipo unaleta maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta. Ukuta unaoshwa kuanzia chini kwenda juu. Mafundi hunicheka kwa hilo, lakini maji machafu yakichuruzika kwenye ukuta mkavu wenye masizi huacha michirizi ambayo utaisugua mpaka uchoke. Suuza, acha ukauke kabisa, piga praima ya mafuta ya kuziba madoa, halafu mwite fundi rangi wako. Jipsamu iliyolowa maji ya Zimamoto ng'oa, usiihurumie. Ila kama nyumba ni ya zamani na dari au paa ni la asbestosi, usikwangue wala usifagie chochote. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vyake.

"Chumba cha kulala hakikuungua, kiko salama." Moshi wenye joto husambaa nyumba nzima na kutua penye ubaridi: kuta za nje, nyuma ya milango, ndani ya kabati la nguo. Pitisha kitambaa cheupe juu ya fremu ya mlango na kwenye panga la feni, utapata jibu. Na zile nyuzi nyeusi kwenye pembe za dari, ambazo kila mtu ananiambia ni utando wa buibui, mara nyingi ni masizi yaliyoshikana. Kiyoyozi usikiwashe mpaka kifunguliwe na kusafishwa, la sivyo kitagawa masizi kila chumba.

Jiki haiondoi masizi. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi unatengeneza gesi ya klorini, na mapafu yako yameshakula moshi wa kutosha wiki hii.

Udi naupenda, nyumbani kwangu unafukizwa kila Alhamisi. Lakini kufukiza udi kwenye nyumba iliyoungua ni kuongeza moshi juu ya moshi. Bakuli za siki na vitunguu vilivyokatwa navyo haviondoi chanzo. Harufu inakwisha pale chanzo chake kinapotoka nje: kapeti, mapazia, sponji za makochi. Godoro lililopata moshi litupwe, ndiyo, hata lile jipya.

"TV imewaka, kwa hiyo ni nzima." Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki. Hiyo inatafuna saketi polepole, na kifaa kinaweza kufa wiki kadhaa baadaye au kupiga shoti usiku mmelala. Masizi yenyewe pia yanaweza kupitisha umeme. Usichomeke kitu kabla fundi umeme hajakagua nyaya na soketi, hata kama LUKU ina uniti. Mtungi wa gesi uliopigwa na moto usiuunganishe tena. Wasiliana na wakala.

Chakula: unga, mchele wa kwenye mfuko, makopo yaliyopata joto, vilivyokuwa kwenye friji, pamoja na dawa za kunywa, vyote tupa. Mama mkwe atasema mchele ukioshwa unaliwa. Mwitikie kwa heshima, kisha utupe.

Nguo zikung'utie nje, uzifue, uzianike kivulini penye upepo, kisha uzinuse. Zikinuka, rudia kufua. Pasi ni mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu joto hugandisha masizi na harufu kwenye kitambaa, na nguo ikishafika hapo mimi siipokei.