Maji ya ukungu: mbawakawa, mpungate na wavu wa kupimia milimani Mpwapwa

Tone la ukungu lina kipenyo cha takriban maikromita 1 hadi 40 (maikromita 1,000 ni milimita moja). Ni jepesi mno kiasi kwamba haliwezi kuanguka lenyewe, ndiyo maana ukungu hupita juu ya kijiji usiku kucha na asubuhi ndoo ikakutwa kavu. Anayeyataka maji hayo aweke kitu njiani mwa upepo: tone likigonge, lishike, liungane na mengine, literemke kabla halijapeperushwa.

Viumbe wa jangwa wanafanya hivyo tangu zamani. Katika Jangwa la Namib, mbawakawa aitwaye Onymacris unguicularis hupanda juu ya tuta la mchanga, akainamisha kichwa na kuinua mgongo dhidi ya upepo, maji yakateremka hadi mdomoni. Ndugu yake, Stenocara, ndiye aliyewapa watafiti wazo la vifaa vipya mwaka 2001: mgongo wake una vinundu vinavyovuta maji, na kati ya vinundu kuna nta inayoyakataa. Tone hukua juu ya kinundu, likiwa zito hujiviringisha kwenye nta. Wengi huwachanganya wadudu hawa wawili.

Mwiba wa mpungate una ujanja mwingine. Ncha ni nyembamba, shina ni pana, na tone lililonaswa nchani husukumwa kuelekea shinani hata kama mwiba umeelekea juu, kwa sababu umbo la mwiba, lililo kama koni, hulibana zaidi upande mwembamba.

Somo kwa mtengeneza wavu ni hili: uzi uwe mwembamba. Uzi mnene husukuma hewa pembeni, na matone madogo hufuata hewa hiyo. Wavu uliobana sana nao hufanya upepo uuzunguke. Kisha kuna kuziba: matone yakijaza matundu bila kuteremka, upepo hauna pa kupita. Majaribio ya maabara ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa wavu wa waya mwembamba uliopakwa dawa ya kutelezesha maji unaweza kukusanya mara tano ya wavu wa kawaida.

Lakini hakuna wavu unaotengeneza ukungu. Kwa Dodoma mjini ushauri wetu ni wa wazi: fedha ya wavu nunulia magata na tangi la kuvuna mvua. Mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka juu ya bati la mita za mraba 50 ni lita 28,500. Hata ukipoteza sehemu ya tano, zinabaki karibu 22,800. Pa kujaribia wavu ni migongo ya milima kama Kiboriani na Rubeho upande wa Mpwapwa, mahali ambapo wingu hugusa ardhi na upepo haukatiki.

Na kabla ya kununua wavu mkubwa, pima. Chomelea fremu ya mita 1 kwa mita 1, uweke tabaka mbili za wavu wa kivuli wa asilimia 35 (unaozuia asilimia 35 ya mwanga), ule wa vitalu vya miche. Tabaka zikisuguana kwa upepo hukung'uta matone. Ukingo wa chini uwe mita 2 kutoka ardhini, uso wa wavu ukabili upepo wa ukungu, nguzo zishikwe kwa waya pande zote. Gata ni bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu, lenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita, likiishia kwenye dumu la lita 20 lenye mfuniko.

Kosa tunalolikuta zaidi ni gata kuwekwa chini ya wavu moja kwa moja. Upepo ukivuma, wavu huvimba na matone huanguka nyuma yake. Lisogeze upande upepo unakoelekea. Kosa la pili ni wavu kugusa nguzo. Hapo ndipo huchanika kwanza.

Soma dumu kila asubuhi saa moja, uandike. Weka kipimamvua pembeni, la sivyo utahesabu mvua kuwa ukungu. Endelea mwaka mzima. Mahali pazuri hutoa lita 3 hadi 10 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa lita 5, wavu wa mita za mraba 40 ni ndoo kumi za lita 20. Ukiambulia chini ya lita 1 hata kwenye miezi ya ukungu, hamisha fremu mgongo mwingine wa mlima.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yamwage, osha gata, na yanayofuata yachemshe au yatie klorini kabla ya kunywa.