925 sio mwaka jamani: dhana potofu kuhusu umri wa vito vya kuokota na detekta (kifaa cha kutafuta vyuma ardhini)

Kila mtu akiokota pete ufukweni anapiga picha ya giza anaandika "ya kale hii, shingapi?" Tuongee kidogo, maana kuna mambo yanarudiwa kila siku na sio kweli.

Eti "925" iliyogongwa ndani ya pete ni mwaka. Hapana aisee, hiyo ni kiwango cha fedha (silva), sehemu 925 kati ya 1000, zilizobaki mara nyingi shaba. Vivyo hivyo 375 ni dhahabu ya karati 9, 750 karati 18, 916 karati 22. Na ukikuta 925 iko peke yake bila muhuri mwingine, mara nyingi ni pete ya juzijuzi tu ya dukani. Ikiandikwa 18K GP ndo kabisa, hiyo dhahabu ni ya kupakwa juu.

"Nimeichimba chini sana, lazima ya zamani." Kwenye mchanga wa bahari kina hakisemi kitu, mawimbi yanafukua na kufukia, kitu kizito kinashuka mpaka kikutane na tabaka gumu, kwa hiyo pete iliyomponyoka mtalii mwaka jana unaweza kuikuta imelala pamoja na senti ya mkoloni.

Rangi nayo inadanganya. Fedha inapiga weusi kwa salfa, kwenye tope la mikoko lile linalonuka haichukui muda, wakati dhahabu ya karati 22 ikikaa ardhini hata miaka 200 inatoka inang'aa vilevile. Halafu acheni kusugua na dawa ya meno kabla hamjasoma mihuri, ukilainisha ile herufi ndogo ya mwaka ndo umeshafuta tarehe yenyewe.

Sasa hii ya 1780 ndo imewaliza wengi. Mtu anapata kidani chenye reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha, anasoma 1780, tayari anajiona tajiri. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo 1780, lakini sarafu yake ikaendelea kupigwa na mwaka uleule kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Ethiopia walishaizoea, hawataki nyingine, na karne ya 20 ilipigwa mpaka Rome, London na Bombay. Uzito wake gramu 28 hivi, fedha 833 kwa 1000. Masonara wa Oman na wa pwani yetu waliifunga kwenye mikufu, nyingine wakaziyeyusha kufanya bangili. Mwaka ulioandikwa unakwambia tu kidani hakiwezi kutangulia sarafu yake, ila kinaweza kuwa cha 1850 au cha 1950. Angalia kile kijipete cha kuning'inizia, kimelika kwa kuvaliwa au bado kinene? Lehemu imepigwa kwa mkono au imenyooka kama ya kiwandani?

Mihuri ya Kiingereza ndo inasaidia kweli. Chukua lenzi ya sonara, mulika pete kwa upande wa ndani: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, simba anayetembea ni fedha ya 925, pembeni herufi moja ya mwaka. Hapo kwenye herufi watu wanachemka, wanaona "k" wanachukua mwaka wa kwanza kwenye jedwali, kumbe herufi zinajirudia na kila mji ulikuwa na mzunguko wake, inabidi ulinganishe na mwandiko na umbo la kifremu kinachoizunguka. Muhuri ninaoupenda mimi ni 15 na .625, dhahabu ya karati 15, Uingereza iliiruhusu 1854 ikaiondoa 1932, yaani hata herufi ikifutika ushajua pete imeangukia miaka ipi.

Na ile ya "nimeokota mimi, ni yangu", sio kila mara. Sheria ya Kenya ya 2006 inahesabu mambo ya kale kuanzia vitu vya kabla ya 1895, Tanzania ile ya 1964 inataja 1863, na kuchimba kwenye magofu bila kibali ni kosa hata kama umepata kifungo cha shati tu.